Ufunguo wa Stoo ya Sabuni

Siku Lisamula alipostaafu
tulimnunulia blanketi na redio ya betri mbili.
Akalia. Akavua kamba shingoni,
akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango.
Miaka kumi na tisa, haukuwahi kujua mkono mwingine.

Jumatatu sisi sita tukaupita
kama watu wanaompita mbwa aliyelala.
Boila baridi. Mashuka ya wodi ya wazazi
yamefika kiunoni, yananuka damu ya usiku,
na simu ya thieta inalia, inalia:
Dobi, mko wapi? Tuna mama mezani.

Tulimsubiri nani? Barua ya ofisini?
Mmbone, ambaye vikaoni huhesabu vigae vya sakafu,
alinyoosha mkono akautwaa.
Hakusema kitu. Hakuna aliyepiga makofi.
Tulisikia tu sabuni ikimiminika ndooni.

Tukakubaliana kwenye chai ya saa nne:
wiki kwa wiki, shingo kwa shingo.
Injendi akaandika zamu kwa makaa ukutani,
akajisahau mwenyewe. Tukacheka,
tukambana chini kabisa, karibu na swichi.

Zamu yangu ilikuwa ya tatu.
Naungama: kufikia Jumatano
nilikuwa nimeanza kukohoa kabla ya kuongea,
kama Lisamula.
Nilipima sabuni kwa kijiko.
Nilimwambia Khasandi, anayenizidi miaka kumi,
"Nani amekutuma huku?"
Akanitazama tu. Akachukua shuka,
akashika pembe mbili, mbili akanipa.
Shuka la wodi halikunjwi na mtu mmoja:
ukilivuta peke yako linaburuzika sakafuni,
unalifua tena.
Nikashika. Tukatembea, mimi kwake, yeye kwangu,
mpaka vidole vikagusana.
Mazungumzo yetu yalikuwa hayo.

Sasa tunagombana kuliko enzi za Lisamula, sikatai.
Kila jambo lina midomo sita.
Juzi mashine ya pili ilipokwama
tulibishana hadi mvua ya alasiri ikaingia,
ile ya Kakamega isiyobisha hodi,
ikakuta nguo bado kambani.
Tulikimbia wote. Hakuna aliyeamrisha.

Leo Ijumaa. Khasandi ananivisha kamba.
Ina madoa ya jiki, na fundo jipya pale ilipokatika.
Ufunguo bado una joto la kifua chake.
Nauacha upoe kidogo
kabla sijasema lolote.