Sukari ya Juu

Lotiang', bawabu wa lango letu la Mbagathi,
miaka sita ananijua, bado anadai kitambulisho,
bado anapekua mkoba: chupa ya chai, ndizi, mwavuli.

Wewe je, seli yangu ya matawi?

Nakutazama darubinini. Julai, vidole vimekufa ganzi.
Umetanda kama mbuni usiopogolewa,
unaonja kila kipitacho. Ndiyo kazi yako:
kumkamata mgeni, kumfikisha tezini,
kuwaambia askari, huyu hapa, mkaririni sura.

Kirusi alilijua hilo.
Protini ya ganda lake ameipaka sukari,
sukari yetu wenyewe, ya jikoni mwetu,
ukamshika mkono kwa utamu huo,
ukamweka kwapani, mzima, hujamtafuna,
mbio naye hadi tezini
ukawakabidhi askari
kifo chao.

Wahenga walituonya juu ya kikulacho nguoni.
Hawakusema nguo itatembea.

Umeme umekatika. Jenereta inakohoa, inakubali.
Damu hii ni ya namba 417, muuza mitumba wa Kawangware;
kila mwezi akikunja mkono wa sweta huniuliza,
"Mmeshajua anaingiaje?"

Kuingia tunajua, mama.
Tunalotafuta ni neno la kumwambia mlinzi
ambaye hakusinzia, hakuhongwa,
alifanya kazi yake barabara.

Alfajiri Lotiang' atanipekua tena, nikitoka.
Ndizi sikuila.