Tukio: Hakuna

Saa nne asubuhi ziwa lilikuwa kimya,
kimya cha mtu anayejua siri.
Nilianza na pini. Siku zote naanza na pini.
Jukwaa la kukodi, limeletwa na fuso kutoka Shinyanga,
nguzo sita, paa la turubai la bluu,
na penye pini ya saba, msumari wa inchi sita,
mpya, umenyooka.
"Unashika," alisema Masunga, kijana wa vyuma.
Unashika kwa kuwa bado haujaulizwa, nikamjibu.
Akacheka, akaenda kutafuta pini.

Mapipa ya maji manne, moja kila pembe.
La tatu nililigonga kwa kiganja,
likaniitikia kama ngoma.
Ngoma ikae juu ya jukwaa, si chini yake.
Lijazeni.

Kisha lile bango.
Mita nane kwa nne, sabuni ya unga na mama anayecheka,
limekazwa mgongoni mwa jukwaa
bila hata tundu moja la kupumulia.
Bwana Luhende, mwenye tamasha, alilitazama akaona hela ya mdhamini.
Mimi niliona tanga.
Nikamweleza polepole, kama nilivyoelezwa:
upepo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne;
ukizidi mara tatu, mara tisa.
Ndivyo unavyodai, bwana. Haukopeshi bila riba.
Akanyoosha kidole mlimani,
kwenye jiwe kubwa lililokalia dogo
kama mtu mzima kwenye kigoda cha mtoto.
"Lile nani kalifunga nyaya? Babu yangu kalikuta."
Jiwe lile, nikasema, halijavaa shuka.

Saa kumi na moja uwanja umejaa,
harufu ya sato wa kukaanga, watoto mabegani,
na mimi juu ya ngazi na kipimaupepo,
vikombe vitatu vinavyokimbizana visishikane.
Sita. Saba. Sita na nusu.
Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limeinama,
maji chini yake yamekuwa rangi ya sufuria.
Tisa.
Kwenye tisa bango linashuka: tuliandika, tukasaini.
Nilikata kamba moja baada ya nyingine
na mama wa sabuni akajikunja, bado anacheka.
Kumi. Kumi na moja.
Vikombe sasa havionekani, ni duara tu linalonguruma.
Kumi na mbili nukta nne.

Shusheni paa. Watu nyuma, hatua sitini.

Nyanjige, mshereheshaji, aliwaambia kwa sauti ya harusi,
na wakarudi nyuma, wengine wakinizomea,
mmoja akanirushia gunzi.
Paa likashuka kwa minyororo, likilalama,
likapiga magoti kama ng'ombe aliyechoka.
Tukangoja.
Tukangoja tena.
Wingu likageuza shingo, likaenda kumwaga mvua yake
huko katikati, kusiko na mtu wala tiketi.
Tisa. Sita. Nne.

Bwana Luhende hakunisemesha.
Alikuwa anahesabu noti za kurudisha,
akilowesha kidole kwa ulimi.

Saa mbili usiku, nikijaza fomu juu ya pipa la tatu,
Masunga akaja na ngumi imefumbwa.
"Pini sikupata, mama."
Akafumbua.
Msumari ulikuwa umepinda kama ndoana.
Umepinda saa ngapi? Kwa tisa? Kwa kumi na mbili?
Au ulipinda paa likishuka, kwa amri yangu mwenyewe?
Hajui. Sijui.
Ninachojua, asubuhi nilisema neno la busara
na sikurudi kuangalia.

Waliojeruhiwa: hakuna.
Vilivyoanguka: hakuna.
Tukio:
kalamu ikasita hapo.
Upepo wa usiku, ule mwembamba unaotoka nchi kavu,
ukainua pembe ya karatasi.
Nikaubandika ule msumari juu yake, isiruke,
nikaandika.