Kwenye Moja

Kheri wa Kidato cha Tatu, shati halina kifungo cha juu,
aliinua mkono kipindi cha mwisho,
Wete ikinuka karafuu mpaka ndani ya chaki:
"Mwalimu, hili 'atone' kwa Kiswahili ndiyo nini?"
Nikajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa bei:
fidia. Kufidia. Andikeni.
Wakaandika.

Na mimi fidia naijua.
Mwaka ule wa mvua ya ghafla
Bikombo aliniachia jamvi lake nimwangalizie,
nami nikaenda skuli kutazama majina yaliyobandikwa ukutani.
Niliporudi karafuu zinaelea uani,
zimevimba kama vidole vya mfuaji.
Nililipa. Kilo kumi na nane, bei ya daraja la kwanza,
bahasha, sahihi yake, sahihi yangu, tarehe.
Nikachinja na kuku, nikagawa, nikaita kafara.
Miaka sita sasa anapita mlangoni kwangu
uso kaugeuzia ukuta wa jirani,
kana kwamba jirani ndiye aliyemkosea.

Usiku, umeme umekatika, nikafungua kamusi ya marehemu baba,
ile iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi ya S.
Kumbe lile neno si neno moja.
Ni mawili, yaliyogandishwa na ndimi za watu wa kale wa huko:
kwenye, na moja.
Kuwa kwenye moja. Basi.
Hamna bahasha humo. Nimetafuta.
Hata kuku hamna.
Malipo yalikuja baadaye, kama mgeni asiyealikwa
anayeishia kukalia kiti cha bwana harusi.

Na hiyo moja, kamusi inasema, imehifadhi matamshi ya zamani,
yale yale yaliyobaki katika neno lao la upweke.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.
Moja ni ile ile:
ukiwa nayo na mtu, ni suluhu;
ukiwa nayo wewe tu, ni chumba hiki na mshumaa.

Nikayarudia ya kwetu.
Fidia: mateka anakombolewa. Kafara: kitu kinafunikwa.
Nilijikomboa, nikafunika. Kweli kabisa.
Lakini bibi yangu hakuwa akisema fidia. Alisema patana,
na pata ni ya mtu mmoja, hata mwizi hupata;
ni kile kijimkia, -ana, kinachodai mtu wa pili,
huwezi kukitamka ukiwa umefunga mlango.

Jioni ya pili nikaenda.
Sikubeba kitu, mikono ikanihangaisha njia nzima.
Wanawake watano wamezunguka rundo barazani, wanachambua.
Hakuna aliyesema karibu. Hakuna aliyesema toka.
Nikakaa, nikatwaa kishada, nikakisokota kiganjani,
karafuu huku, makonyo kule.
Saa nzima. Vidole vikawa vyeusi.
Kisha Bikombo, bila ya kunitazama:
"Makonyo yako unayachanganya."
Maneno matatu, ya kwanza tangu mvua ile.
Nikayatoa, moja moja.

Kheri, mwanangu, kesho tufute ubaoni.
Sijui tuandike nini badala yake.
Najua tu kwamba rundo lilikuwa la kwake,
na tulipoinuka sikuweza kuonyesha
zipi nilizochambua mimi.