Mboni

Zamu ya usiku, Makambako. Baridi ya Juni
inapenya chini ya mlango wa zahanati.
Nina tochi ndogo. Huanza na macho.

Dereva wa lori la Tunduma: mboni pana, kavu.
Mirungi imeutia moyo wake gia ya mlima
naye yuko tambarare, siku ya tatu hajalala.
Ananiuliza nani anampigia honi.

Mzee Mgaya, ulanzi tangu mchana:
ubongo umelegea kamba, ulimi unaburuta miguu.
Anacheka, kisha analilia msiba wa mwaka juzi.

Kijana wa bangi haumwi. Ana njaa tu,
na dakika yake moja ni ndefu kama reli ya Tazara.

Saa tisa wakaleta wa nne kwa toroli,
kajaa tope. Mboni: punje ya ulezi.
Midomo rangi ya wino.
Nikahesabu pumzi. Moja.

Mbili.

Unga haupigi, haukabi;
hukisahaulisha kifua kazi yake.

Nikainua kidevu, nikampulizia,
nikampangusa paji, na pale pana kovu la jembe
nililomtia mwenyewe, shambani, tukigombania kivuli.

Ambilikile! Miaka sita.
Mboni ya jicho langu,
ndogo hivyo.