Jiwe la Kilo

Dukani kwa Ami Shaame, mtaa wa Limbani, Wete,
mizani ya mshale ilikaa juu ya meza iliyolowa mafuta ya taa,
sahani moja, parafujo moja mgongoni,
na ubavuni pake jiwe la kilo,
jeusi, la chuma, limeng'ara kichwani
kwa vidole vya babu, kisha vyake.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na ulimi wa wembe.
"Ami, umejuaje jiwe hili ni kilo?"
Akaliweka sahanini. Mshale ukasimama kwenye moja.
"Si hiyo? Mizani imesema."
"Na mizani, umejuaje haisemi uongo?"
"Kwani kila Ijumaa siikazi parafujo
mpaka ipatane na jiwe?"
Nikacheka hadi nikapaliwa na vumbi la unga.

Usiku, akifunga noti kwa mipira,
nikamuuliza lile jingine, lile kubwa.
Hakukasirika. Alipenda kutunga.
Akanyoosha vidole, akahesabu mizani:

Chuo chanena: Yu Hai,
na chuo hakikosei;
hakikosei, sababu
chatoka kwa Mola Hai.

"Nane, nane, nane, nane," akasema. "Lina kombo?"
Kombo halikuwa nalo. Lilikuwa na duara:
kama kata ya matambara anayojitwikia Bi Time ndoo,
imara, haiyumbi,
ila tafuta ncha yake ilipoanzia.

"Ami," nikasema, "ufunguo umeufungia
ndani ya sanduku linalofunguliwa nao."
Akanitazama kitambo.
"Na hiyo akili yako, mwanangu,
wewe umeipima kwa nini?"
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Kila jibu lililonijia
lilikuja kwa mlango ule ule.

Mwezi wa Sita akaja mkaguzi wa vipimo kutoka Chake,
Bwana Hemed Mbwana, na mkoba wa ngozi,
na ndani ya mkoba jiwe la shaba
limeviringishwa flaneli kama kitoto kichanga.
Akaliweka. Mshale ukaifikia moja,
ukaipita.
Gramu arubaini.

Lilimong'onyoka lini, hakuna ajuaye.
Miaka yote hiyo jiwe na mizani walipatana,
hawakuwahi kugombana hata siku moja,
kila mmoja shahidi wa mwenziwe,
na Bi Riziki Faki, mwenye mayatima watano,
akapanda kilima na kilo isiyokuwa kilo,
akimshukuru Ami kwa uaminifu wake.

Ami akakaa juu ya gunia.
Jiwe hakulitazama. Alitazama viganja vyake.
Kisha, hakuna aliyemuuliza, akaanza kutaja majina:
Riziki. Mke wa Makame. Wale wa Selemu.
Yule kipofu, Mungu wangu, yule kipofu.

Nilikuwa na "si nilikwambia" mdomoni.
Nikaimeza, nikamgeukia mkaguzi:
"Na hili la shaba, lilipimwa na nini?"
"Na la Unguja."
"Na la Unguja?"
"Lipo jingine, mbali huko."
Akalivisha flaneli yake taratibu.
"Na mwisho wa mwisho, kijana, lipo moja
ambalo watu walikaa, wakakubaliana, basi."

Alfajiri nilimsikia Ami ng'ambo ya ukuta.
Hakumthibitisha Mungu. Alikuwa akimhesabia:
gramu arubaini, mara siku, mara watu,
akapotea katikati ya hesabu, akaanza upya,
akapotea tena, akalia.
Nami, mpimaji wa hoja za watu,
nikaona haya kuwa macho.

Lile beti sijalisikia tena kinywani mwake,
wala yeye hajakisikia kile kicheko changu.
Swali liko pale pale. Sina jiwe la shaba.

La chuma halikutupwa. Liko kizingitini mwa duka.
Upepo ukija mlango wasogea,
wagonga chuma, ta,
haufungi.