Kikombe, Ndoo, Tangi

Saa nne usiku, Newala. Baridi ya uwandani
imeingia ofisini bila kupiga hodi.
Seva iko juu ya meza ya mninga.
Mchana hufunikwa kanga upande, kwa vumbi la korosho;
usiku naivua, ipumue.

Mnali, karani wa ghala, kaleta chai na kesi:
leo saa tano, Somoe Nandonde
kafungua akaunti, aone kilo zake mia tatu na kumi,
akaona elfu moja na mia nne za Chitanda,
na jina la Chitanda, na simu ya Chitanda,
na deni la salfa la Chitanda.
Chitanda naye, dirisha la pili, dakika ileile,
akasoma zile za Somoe, akapiga meza:
"Nani kala korosho zangu?"

Mzani haukukosea. Magunia hayakutoboka.
Mnali kaapa mara tatu, ya kwanza ilinitosha.
Wale wawili kosa lao ni moja tu:
walifika pamoja.

Nafungua faili la usanidi.
Mistari mia mbili na kumi, niliiandika mwenyewe
mwezi wa kwanza, homa ikinipanda.
Kila kijenzi kina jina, kina darasa lake la Java,
na neno moja dogo la kusema kitaishi mpaka lini.

Nikamweleza Mnali, kwani usiku ni mrefu
na mwenye kueleza ndiye huanza kuelewa.
Kuna kijenzi cha kikombe:
mtu kauliza, kajibiwa, kimemwagwa.
Kuna cha ndoo: tangu aingie mpaka atoke
ni yake, hakuna mwingine anayechovya.
Kuna cha tangi: kimoja, tangu seva iwake mpaka izimwe,
na kila mja hukinga hapo.
Bei ya mnada, itie tangini, ni moja kwa wote.
Makato, majina ya matawi, tangini.
Lakini kilo za mtu...

Mnali kazaliwa juu ya uwanda huu,
ambako maji hupandishwa mlima kichwani
na ndoo huandikwa jina kwa rangi ya mlango.
Hakuningoja nimalize.
"Kilo za mtu," akasema, "umezitia tangini."

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Mstari wa themanini na saba. Neno lilikuwa limekaa pale
miezi tisa, kimya, na adabu zake,
kwa sababu miezi tisa hakuna aliyekuja
ila mmoja mmoja. Msimu haukuwa umefika.
Kosa la namna hii halina haraka.

Herufi kumi na moja zikatoka, saba zikaingia.
Nikaizima seva. Feni ilipokoma
tukasikia panya magunini, ng'ambo ya ukuta.
Nikaiwasha. Maandishi yakaanza kushuka,
kijenzi kimoja kimoja kikiitika jina,
mpaka cha ripoti. Kikagoma.

Ripoti ni ya tangi, nami nilikuwa nimeiambia
ikateke kwenye kilo za mwanachama.
Cha umri mrefu hakiegemei cha umri mfupi:
ndoo itaondoka na mwenyewe, tangi lishike nini?
Hapo sikumweleza mtu. Nilijikuna kichwa
hadi saa saba, nikaielekeza ripoti ghalani kwenyewe,
kwenye daftari lisiloondoka na mtu.

Kisha Mnali akawa Somoe, mimi nikawa Chitanda.
Moja, mbili, tatu, tukabonyeza pamoja.
Kwake mia tatu na kumi. Kwangu elfu moja na mia nne.
Tukabadilishana viti, tukarudia.
Mara ya tano Mnali akaniambia inatosha, twende tukalale.

Asubuhi Somoe atakuja na kitambulisho chake.
Hakuna atakayemwambia habari ya mstari wa themanini na saba.
Ataziona kilo zake, zake mwenyewe, na jina lake juu,
atainama karibu na kioo, atahesabu kwa kidole,
kisha atalalamika kwamba ni chache.