Uso wa Tatu

Limeletwa Mwanjelwa juu ya lori la viazi,
jekundu, mdomo chini kama ng'ombe aliyekataa chumvi.
Tusajigwe anasema: injini mpya hii, Anyelwisye,
wameibadilisha. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa na ugonjwa.

Nafungua. Mkono unatafuta pistoni kwa mazoea,
miaka ishirini na sita mkono unajua njia.
Hakuna. Valvu hakuna, kamshafti hakuna.
Kuna pembetatu moja nono, mbavu zimevimba,
inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga.

Inanichekesha, halafu inaninyamazisha.

Tundu la moshi wamelihamishia ubavuni.
Sili za kona wamezipunguza unene,
nyembamba kama ukucha wa mtoto,
na juu ya kucha hizo tatu ndipo imekaa roho yote.
Oili inaunguzwa kwa makusudi, tone kwa tone.
Sisi gari linalokunywa oili tunaliita bovu;
kwa hili ni chakula.

Mlima Nyoka lilipanda?
Mara mbili, anasema.
Ya tatu, alfajiri ya Juni, umande umeganda Uyole,
likakohoa pale konani, likazima.

Nazungusha kwa mkono. Sikiliza:
pfuu. Pfuu.
Uso wa tatu haupumui.

Anauliza kama walioibadilisha walikosea.
Sijui, mama. Labda baridi yetu hawakuambiwa.
Nachovya kidole kwenye kopo, naipaka ile kona
kama anavyopakwa mafuta mtoto wa Isyonje
kabla ya kwenda shule.